Maswali na Majibu: Treni Tulizopanda na Tusizopanda

Wiki mbili zilizopita niliwaomba wasomaji wa safu hii wanaopenda treni waniandikie orodha mbili: ya mambo ya safari za reli ambayo kila mmoja amewahi kuyapitia mwenyewe, na ya yale anayoyatamani lakini hajawahi. Nilitarajia orodha, nikaletewa maswali, na mengi yanadai kwamba anayewakagua wenzake aanze kujikagua mwenyewe. Dai hilo ni la haki. Nitayajibu moja baada ya jingine, na ninakiri mapema kwamba upande wa "sijawahi" kwangu ni mrefu kuliko mvi zangu zinavyowadanganya watu.

Nimesafiri kwa treni kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam mara nne, lakini kila mara usingizi hunichukua baada ya Shinyanga, nikaja kuamka Tabora. Je, naruhusiwa kusema kwamba nimewahi kupita Isaka? (Msomaji, Buhongwa)

Umepita Isaka mara nne, na hujaiona hata mara moja. Mimi huyatenga mambo hayo mawili, ingawa wapo wapenzi wa reli, hasa katika nchi zenye njia nyingi, ambao hupaka rangi kwenye ramani kila kipande walichosafiri bila kujiuliza kama macho yao yalikuwa wazi. Sikuhukumu, maana nina kosa lilo hilo. Mwaka 1984 nilikwenda shule Tabora kwa waranti, ile karatasi ya serikali iliyomwezesha mwanafunzi kusafiri bila kutoa nauli mkononi, nikakaa daraja la tatu juu ya sanduku langu la bati, na kuanzia Malampaka sikumbuki kitu. Isaka niliijua kwa sauti tu, wachuuzi wakinadi chai na mayai gizani chini ya madirisha. Ilinichukua karibu miaka ishirini kuiona mchana, nikakuta kumbe ni bandari kavu, mahali ambapo makontena ya Rwanda na Burundi hushushwa kutoka kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye malori.

Kipande chote cha Tabora hadi Mwanza, kilichokamilishwa na Waingereza mwaka 1928, kina urefu wa karibu kilomita 380, na mtu anayesafiri usiku kila mara anaweza kukipita maisha yake yote bila kujua rangi ya udongo wake. Andika "nimepita", kisha weka alama ya nyota pembeni.

Babu yetu alifanya kazi bandarini Mwanza, na alikuwa akisimulia kwamba zamani treni ilikuwa inapanda meli. Wajukuu tunabishana kama alikuwa akitutania. Wewe umewahi kusafiri ndani ya treni iliyo ndani ya meli? (Msomaji, Ukerewe)

Babu yenu hakuwatania. Alifupisha maneno tu. Kilichopanda meli hakikuwa treni nzima yenye kichwa chake na abiria wake, bali mabehewa ya mizigo. Meli ya MV Umoja, iliyojengwa katika miaka ya 1960 wakati reli na meli za Tanzania, Kenya na Uganda zilipokuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki, imetandikwa reli juu ya sitaha yake, na katika Bandari ya Mwanza Kusini kuna daraja la chuma linaloinuka na kushuka kufuata maji ya ziwa, ili reli ya nchi kavu ikutane sawasawa na reli ya melini. Kichwa cha kupangia mabehewa huyasukuma polepole, machache upande huu, kisha machache upande ule, kwa sababu ukijaza upande mmoja kwanza meli italala. Yakishafungwa kwa minyororo, meli huvuka hadi Port Bell nchini Uganda, au Kisumu nchini Kenya, na huko huvutwa tena juu ya reli kana kwamba hayakuwahi kutoka nchi kavu.

Jambo hilo liliwezekana kwa sababu moja ambayo watu huisahau, nayo ni kwamba nchi zote tatu zilirithi reli yenye upana uleule, yaani milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Laiti Waingereza na Wajerumani wangehitilafiana katika kipimo hicho, mzigo ungeshushwa na kupakiwa upya kila ulipofika gatini, na meli ya namna ile isingekuwa na maana yoyote. Utotoni tuliishi Igogo, na burudani yetu ya bure ilikuwa kukaa juu ya mawe na kubashiriana ni behewa lipi litaingia la mwisho. Tulitamani sana kujificha ndani ya mojawapo. Hatukuthubutu, na ninashukuru kwamba hatukuthubutu, kwa kuwa ziwa hili halina mzaha: MV Kabalega ya Uganda, iliyobeba mabehewa kama Umoja, ilizama mwaka 2005 baada ya kugongana na mwenzake MV Kaawa.

Niongeze kwamba uhusiano wa Mwanza na treni ulianzia majini kabla ya nchi kavu. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwezi Desemba 1901, na kuanzia hapo hadi reli ya Tabora ilipotufikia mwaka 1928, mzigo na msafiri wa Mwanza aliyetaka kwenda pwani kwa treni alipanda kwanza meli hadi Kisumu. Kwa miaka 27 stesheni yetu ilikuwa ng'ambo ya maji.

Sasa nijibu swali lenyewe. Sijawahi. Abiria wa ziwa hili walikuwa na meli zao, kama MV Victoria, na mabehewa yalikuwa na yake. Mahali ambapo abiria huingia melini akiwa amekaa kwenye kiti chake cha treni ni mlango wa bahari wa Messina nchini Italia. Treni inayotoka Roma kwenda kisiwa cha Sicilia hukatwa vipande Villa San Giovanni, vipande husukumwa ndani ya meli kimoja baada ya kingine, na abiria anaweza kubaki behewani au kupanda juu kutazama bahari, wakati meli inavuka maji ambayo mahali pembamba kabisa ni kilomita tatu hivi. Wachina nao huvusha treni za abiria kwenda kisiwa cha Hainan kwa namna hiyo. Wajerumani na Wadenmaki walifanya hivyo kati ya Puttgarden na Rødby, lakini waliacha Desemba 2019, na Waitaliano wamekuwa wakizungumzia kujenga daraja kwa miaka mingi. Kwa hiyo jambo hili linaweza kutoweka kabla sijalifikia, na ndilo la kwanza kabisa katika orodha yangu.

Kwa nini treni ya zamani hulia "taka-taka, taka-taka" na ya SGR hailii? (Mwanafunzi, Igoma)

Chuma hutanuka kikipata joto. Waliojenga reli ya zamani waliunganisha vipande vya reli kwa vyuma vya ubavuni na bolti, wakiacha nafasi ndogo kati ya kipande na kipande ili chuma kipate pa kutanukia jua linapokuwa kali. Gurudumu likipita juu ya nafasi hiyo hugonga. Behewa limekaa juu ya vigari viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na kila kigari kina ekseli mbili zilizokaribiana. Ndiyo maana unasikia mapigo mawili ya haraka, kimya kidogo, kisha mawili mengine. Katika SGR, yaani reli mpya ya umeme, vipande vimeunganishwa kwa kuyeyushwa vikawa chuma kimoja kirefu, na nguvu ya kutanuka hushikiliwa na mataruma ya zege, vibanio vyake na kokoto zilizoshindiliwa.

Kuna mchezo mmoja wa wapenzi wa reli ambao katika reli mpya hauwezekani tena. Kama vipande vya reli vina urefu wa mita 12, hesabu mapigo kwa sekunde 43, ukichukua kila pigo la jozi kuwa moja na kukisikiliza kigari kimoja tu, na idadi utakayoipata ndiyo mwendo wa treni kwa kilomita kwa saa. Chukua kalamu uithibitishe. Mimi nimeifanya hesabu hiyo nikiwa kitanda cha juu cha daraja la pili, na mara nyingi haijafika mwisho kabla sijasinzia, jambo ambalo linaturudisha kwa ndugu yetu wa Buhongwa.

Shikamoo mzee. Umewahi kusafiri kwa treni ya makaa ya mawe? Na umewahi kuruhusiwa kuingia kwenye kichwa? (Msomaji, Magu)

Marahaba. Majibu yote mawili yatakusikitisha. Safari yangu ya kwanza ilivutwa na dizeli, na ya mvuke nimeiona imesimama tu. Halafu turekebishe neno: wengi husema "makaa ya mawe" wakimaanisha kila treni ya mvuke, lakini vichwa vikubwa vya mwisho vya mvuke vya Afrika Mashariki vilichoma mafuta mazito.

Anayetaka kuviona aende Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Huko kipo kichwa namba 5918 cha aina ya Garratt, kimoja kati ya 34 vilivyotengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani 252. Hakuna vichwa vya mvuke vikubwa kuliko hivyo vilivyowahi kutembea juu ya reli ya mita moja popote duniani. Ujanja wake ulikuwa kulitundika tangi la kuchemshia maji katikati, kati ya seti mbili za magurudumu zinazojigeuza kila moja kwa upande wake, hivyo jitu lile liliweza kupinda kwenye kona kali za kupanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Vyote vilipewa majina ya milima, na mpenzi wa reli wa Tanzania atafurahi kujua kwamba viwili vilivyohifadhiwa hadi leo, Mount Gelai na Mount Shengena, vina majina ya milima iliyo upande wetu wa mpaka. Kipo pia kichwa kidogo zaidi, namba 3020, kiitwacho Nyaturu. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya yale makubwa. Bibi mzaa mama alikuwa Mnyaturu, na hakuwahi kujua kwamba kabila lake lilivuta mabehewa.

Kuhusu kuingia kwenye kichwa: niliingia mara moja, dereva mmoja aliponipandisha nikiwa kijana, lakini kilikuwa kimesimama karakana. Kwa kipimo nilichomwekea msomaji wa Buhongwa, hiyo haihesabiki. Afadhali Winston Churchill, ambaye mwaka 1907, akiwa naibu waziri wa makoloni, alisafiri kwenye reli ya Mombasa kuelekea ziwani akiwa amekaa kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya kichwa, juu ya chuma cha kusukumia wanyama. Leo dereva akimruhusu mtu kufanya hivyo, wote wawili watalala mahabusu, na ni haki yao.

Vijana wangu wamepanda treni ya mchongoko kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na sasa wanasema treni yetu ya zamani si treni bali ni adhabu. Niwajibu nini? (Mzazi, Bunda)

Wajibu kwamba wana haki ya kuipenda yao. Mimi si katika wale wanaodhani kwamba safari ikiwa fupi imepoteza thamani. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma Julai mwaka huohuo, na ikazinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024. Mwendo wake unafika kilomita 160 kwa saa, na safari ambayo kwa reli ya zamani ilimeza usiku mzima sasa ni ya chini ya saa nne. Nimeipanda. Nilishangazwa zaidi na mahandaki ya karibu na Kilosa kuliko mwendo wenyewe, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuliona bonde lile tukilizunguka kwa kunyata kandokando ya mto.

Kilichopotea ni dirisha. Katika treni ya zamani dirisha ni soko, posta na baraza: humo hupita muhogo, salamu za shangazi, na ugomvi wa chenji. Katika mchongoko dirisha ni kioo cha kutazamia tu. Vijana wenu hawajakosea kuisifu, ila wanalinganisha kiti na kijiji. Jiwe la msingi la kipande cha SGR cha Mwanza hadi Isaka liliwekwa Juni 2021, na siku abiria wa kwanza wa treni ya umeme atakapoondoka hapa, ninakusudia kuwa mmoja wao, nikiwa macho.

Sina pasipoti wala fedha za kwenda ng'ambo. Ni mambo gani ya reli ambayo mtu anaweza kuyapitia bila kutoka Tanzania? (Msomaji, Misungwi)

Mengi kuliko unavyodhani, na baadhi yake hata Mzungu mwenye fedha hawezi kuyapata kwao.

La kwanza ni kusafiri juu ya reli za upana wa aina tatu ndani ya nchi moja. Reli ya zamani, inayotufikia sisi na kufika Kigoma, Tanga na Arusha, ina milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, umbali wa kilomita 1,860, ina milimita 1,067, kwa sababu ilikusudiwa kuungana na reli za kusini mwa Afrika. SGR ina milimita 1,435. Tofauti ya milimita 67 kati ya mbili za kwanza inaonekana ndogo kama upana wa kiganja, lakini inatosha kulizuia behewa kabisa. Ndiyo maana Kidatu, ambako reli hizo mbili zinakutana, mzigo hauna budi kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Mtu aliyezipanda zote tatu kwa nia moja ana jambo la kumsimulia mpenzi wa reli wa nchi yoyote.

La pili ni TAZARA yenyewe wakati wa mchana. Baada ya kuiacha Dar es Salaam reli hiyo hukatiza pori lililokuwa sehemu ya Selous na ambalo tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na abiria wa daraja la tatu humwona twiga kwa nauli ileile anayolipia kiti. Mbele zaidi, kati ya Mlimba na Makambako, treni hupanda milima kwa madaraja na mahandaki yanayofuatana. Kipande hiki nimekipita mara moja tu, miaka mingi iliyopita, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikataa chakula kilipoletwa kwa kuogopa kuondoka dirishani.

La tatu ni Tabora usiku wa manane. Msafiri anayeelekea bara hufika pale ndani ya treni moja, lakini mabehewa hutenganishwa: haya ya Mwanza, haya ya Kigoma, na ya Mpanda, ambayo huiacha njia kuu Kaliua. Kuna migongano ya vyuma, taa za mkononi, watu wanaokimbia na mizigo kichwani kwa sababu walipitiwa na usingizi wakiwa behewa la mwelekeo mwingine. Keti chini ya mwembe utazame. Kisha panda la Kigoma, ufike mwisho wa reli iliyokamilishwa na Wajerumani mwaka 1914, na uoge uso kwa maji ya Ziwa Tanganyika. Anayetoka Mwanza atakuwa ameunganisha maziwa mawili makubwa kwa chuma kitupu.

La nne ni dogo, lakini nalipenda. Kati ya Manyoni na Bahi reli inashuka ukingo wa Bonde la Ufa, na hapo katikati ipo Saranda, ambako wauza kuku wamezoeana na abiria kwa miaka mingi. Kula kuku wa Saranda huku ukishuka Bonde la Ufa ni jambo ambalo sijaliona kwenye orodha ya mtu yeyote, nami naliweka kwenye yangu.

Kuna moja pia ambalo hutaliweza wewe wala mimi: reli ya Mtwara kwenda Nachingwea, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga. Karanga hazikukubali, na reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Binti yangu anataka kusafiri peke yake kwa daraja la pili la kulala. Je, atawekwa chumba kimoja na wanaume? (Mama, Musoma)

Hapana, mama yangu. Katika mabehewa ya kulala ya reli ya zamani wanawake huwekwa vyumba vyao na wanaume vyao, isipokuwa familia au kundi lililolipia chumba kizima. Daraja la pili lina vitanda sita kwa chumba, daraja la kwanza vitanda viwili. Mwambie achague kitanda cha juu, na mlango ufungwe kwa ndani usiku.

Treni yetu ilisimama porini tangu alfajiri hadi jioni. Mwenzangu anasema hilo nalo liingie kwenye orodha ya "nimewahi". Mimi naona ni hasara tupu. (Msomaji, Geita)

Mna haki nyote wawili. Reli ya zamani ni ya njia moja, na treni mbili zinaweza kupishana stesheni tu, kwenye njia ya pembeni; kwa hiyo treni moja ya mizigo ikiharibika mahali fulani, zote zilizo mbele na nyuma yake husubiri. Tena ipo mvua. Kati ya Kilosa na Gulwe reli imejengwa kandokando ya mto, na mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliukata usafiri wa treni kwa muda mrefu, jambo lililokuwa limetokea kabla ya hapo na lililotokea tena baadaye.

Mimi nilikwama siku moja na nusu, katika safari ya kwenda kumwona dada yangu aliyeolewa Morogoro. Nilikuwa nimembebea sato wa kukaushwa, furushi zima, kama ilivyo ada ya mtu anayetoka ziwani. Saa za kwanza watu walilalamika. Kufikia adhuhuri akina mama walikwisha kuweka mafiga matatu kando ya kokoto za reli, mzee mmoja akajitolea unga, na macho ya behewa zima yakanigeukia mimi na furushi langu, ambalo harufu yake ilikuwa imenitangaza tangu Shinyanga. Nilimfikia shemeji yangu mikono mitupu, na hadi leo hakuamini maelezo yangu. Liandike kwenye orodha, ndugu yangu, lakini sikushauri ulitafute.

Ukipewa tikiti moja ya bure ya treni yoyote duniani, utachagua ipi? Tafadhali usituambie kwamba nyumbani panatosha. (Msomaji, Bukoba)

Sitasema hivyo, na nakuelewa: wewe uko Bukoba, mji ambao haujafikiwa na reli, na maneno ya kuridhika na ya nyumbani hayana ladha kwa asiyepewa.

Nimewahi kuwaza reli ya Siberia, kutoka Moscow hadi Vladivostok, kilomita 9,289 kwa muda wa karibu wiki nzima. Inanivuta kwa urefu wake, lakini kusema kweli nahofia kwamba kuanzia siku ya tatu msitu utakuwa msitu, na supu itakuwa supu. Reli ya kwenda Lhasa huko Tibet, iliyofunguliwa mwaka 2006, inanivutia zaidi, kwa sababu inapita mahali palipo mita 5,072 juu ya usawa wa bahari, na ndani ya mabehewa abiria wamewekewa oksijeni. Kwa kulinganisha, kilele cha Kibo kina mita 5,895, na watu hukifia wakipanda kwa miguu. Treni ya kasi ya Japani, Shinkansen, ilianza mwaka 1964 kwa mwendo wa kilomita 210 kwa saa, kwa hiyo ina umri wa kunizidi, nami napenda kuwasalimia wakubwa. Hata hapa Afrika, Morocco ina treni ya kilomita 320 kwa saa tangu mwaka 2018, na daraja la reli la Maporomoko ya Victoria, la mwaka 1905, limening'inia mita 128 juu ya mto Zambezi. Wapo vijana wanaosafiri juu ya mabehewa ya madini ya chuma huko Mauritania, wakila vumbi kwa mamia ya kilomita jangwani, na kuwaonyesha wenzao picha. Hilo sitalifanya, na aliyelifanya simwonei wivu.

Tikiti yangu naielekeza Messina. Nimekwisha kusema sababu yake nilipomjibu msomaji wa Ukerewe: nataka kukaa ndani ya behewa mlango wa meli ukifunguka, nisikie kichwa kidogo kikitusukuma kwa tahadhari, na nijue hatimaye kama kwa ndani inasikika vile tulivyokuwa tukibashiri tukiwa juu ya mawe ya Igogo.

Ninakata tikiti yangu ya kwanza kabisa ya treni, kutoka Mwanza. Nikae dirisha la upande gani? (Msomaji, Kirumba)

Kulia, kwa kuwa treni inaondoka kuelekea kusini na ziwa liko magharibi. Fika mapema, kabla jua halijazama, maana ziwa halitakusindikiza mbali na giza halisubiri. Siku na saa za kuondoka hubadilika, kwa hiyo ziulize dirishani stesheni wala usinitegemee mimi. Beba maji, shuka, na noti ndogondogo za kununulia vitu vituoni. Na ukifika Isaka, tafadhali, kaa macho uniandikie ilivyo usiku.